Shingo Laini, Kitako Kigumu

Mimi ni mtu wa kiherehere. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Mama yangu, kule Tanga, alikuwa akisema nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani, eti nilikuwa na hamu ya kuona nani yuko nje. Mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto wanaojitegemea, nikiona kitu kipya kinafanyika lazima nisogee, niulize, niguse. Ndivyo nilivyofika Johannesburg, na ndivyo nilivyojikuta nachoma maganda ya risasi katika karakana ya Mreno mmoja huko Troyeville, kazi ambayo nikiwaeleza watu wa nyumbani kwa simu wananiuliza kama nimejiunga na jeshi.

Sikujiunga na jeshi. Nilikuwa nauza vitumbua. Kila asubuhi nilitoka chumbani kwangu Bellevue na ndoo mbili zenye vifuniko, nikateremka mpaka Troyeville kwenye magereji na maseremala, na ikifika saa nne ndoo ni tupu. Yule Mreno, ambaye nilimwita Mzee, alikuwa mteja wangu wa kila siku. Alizaliwa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, akakua akicheza na watoto wa huko, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimevunjikavunjika lakini hakina woga hata kidogo. Siku ya kwanza aliponisikia nagombana na mtu kwenye simu alisimama katikati ya barabara, kitumbua mkononi, anacheka peke yake. Tangu hapo nikimwambia "Shikamoo, Mzee," anavuta kifua na kujibu "Marahaba, Mama!" kwa sauti ambayo gereji nzima inageuka.

Alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji na za watu wanaoshindana kulenga shabaha. Akanipa kazi ya usafi, siku tatu kwa wiki, baada ya vitumbua. Nilifagia vumbi la chuma, nikafuta meza, nikachemsha chai. Baruti aliifungia ndani ya kabati la chuma na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Mimi na baruti hatukujuana, na sikutaka tujuane.

Sasa, siku moja nafika nakuta ametundika blanketi dirishani mchana kweupe. Nikadhani anaumwa. Nasukuma mlango, ndani giza, na katikati ya giza ulimi wa moto wa buluu unapuliza kutoka kwenye mtungi mdogo wa gesi. Mzee amekaa mbele yake, mkononi ana drili inayozunguka polepole, na kwenye mdomo wa drili kuna ganda la risasi, tupu, linazungusha shingo yake motoni. Shaba ilikuwa ya manjano. Nikaiona inageuka. Ikawa kama kahawia, ikaingia zambarau, ikaingia buluu, zile rangi unazoziona mafuta yakimwagika kwenye maji ya barabarani. Kisha akainamisha drili, ganda likaanguka kwenye beseni la maji: chwaa!

Ndoo ziliniponyoka mikononi, nasema kweli.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nafanya yeye kijana tena," akasema.

Akanieleza. Giza ni la kumwezesha kuona rangi vizuri. Ganda la risasi halitumiki mara moja tu. Ukishapiga, unaliokota, unalisafisha, unalibana lirudi kwenye umbo lake, unalijaza upya. Lakini kila linapopigwa linatanuka, na kila linapobanwa linasinyaa, na shaba inachoka. Chukua waya, ukunje na kuukunjua, ukunje na kuukunjua. Mwisho utakatika mkononi. Shingo ya ganda ndiyo inayochoka kwanza: inakuwa ngumu, inapasuka, ganda linatupwa. Ila ukiipasha moto kwa kiasi chake, ule ugumu unaondoka, shingo inalainika, na ganda lililokuwa lifie mara ya tano linafika mara ya kumi na zaidi. Halafu maji! Mimi mtu wa pwani nimeona wahunzi, najua chuma cha moto ukikitia majini kinakuwa kigumu. Shaba, wapi. Shaba ukiitia majini inabaki laini vilevile, maji ni ya kuzuia joto lisiteremke tu. Nilimbishia Mzee robo saa nzima, mpaka akanipa koleo niibane mwenyewe. Ikabonyea kama mdomo wa kopo la maziwa. Nikacheka mpaka machozi.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu katika karakana ile: kukaa mimi kwenye kile kiti, nishike mimi ile drili.

Nilimsumbua Mzee miezi miwili. Mwishowe akanipa maganda mabovu ya kujifunzia, na sheria moja ambayo aliirudia kila asubuhi baada ya "marahaba":

"Choma shingo. Bega, sawa. Tumbo, hapana. Kitako, hapana kabisa!"

Ganda lina shingo pale risasi inapokaa, lina bega, lina tumbo, na lina kitako. Shingo inatakiwa iwe laini. Kitako kinatakiwa kiwe kigumu siku zote, kwa sababu baruti ikilipuka nguvu yote inaegemea pale. Mzee alihesabu muda kwa Kireno, taratibu, midomo ikicheza. Mimi hesabu zake zilinipotea, nikahesabu kwa ninavyojua: "Subhanallah" saba, kwa pumzi ya mtu aliyekaa kwenye mswala, kisha ganda majini. Tulilinganisha na saa yake ya ukutani na zikakubaliana. Akasema "Sharp, Mama," yaani safi kwa lugha ya Johannesburg. Isipokuwa nikiwa na furaha nahesabu mbio, na mimi ni mtu wa furaha nyingi, kwa hiyo ilibidi nijifunze kuzitamka kwa sauti.

Ile rangi ya buluu na zambarau haiondoki majini. Inabaki shingoni mwa ganda, mkanda mwembamba hivi. Maganda yote ya Mzee yalikuwa nayo, makuukuu kwa mapya. Nilidhani ni uvivu wa wanaume tu.

Basi ikafika wiki ya mashindano. Yalikuwa mashindano ya bunduki za kizamani, nje ya mji, Jumamosi. Mzee alikuwa na bunduki ya marehemu baba yake, yenye leseni na karatasi zake zote, na maganda yake yalikuwa hayauzwi tena madukani. Alikuwa nayo sabini na mawili, basi. Sitini kwenye boksi la mbao, na kumi na mawili kwenye kopo, yale yaliyochoka zaidi. Alhamisi asubuhi jino likamwamsha, shavu limevimba, ikabidi aende kwa daktari. Akasimama mlangoni, mkono shavuni, akaniangalia, akaangalia boksi.

"Mama. Sitini hii, wewe choma."

Peke yangu! Nilitundika blanketi kama mtu anayepamba chumba cha bibi harusi. Nikawasha moto, nikakaa kwenye kiti chake, na la kwanza likatoka sawasawa, na la pili, na la kumi. Nilikuwa naongea na kila moja. Nilipofika arobaini nilijiona fundi mkuu wa Afrika Kusini yote.

Hapo ndipo kiherehere kilipoingia. Mimi ni mpika chapati. Mtu aliyezoea kuendesha vikaango viwili kwa wakati mmoja akiona moto mkubwa una kitu kimoja juu yake, roho inamuuma. Nikaona huu moto unapotea bure. Nikaweka ganda moja kwenye drili mkono wa kulia, na jingine nikalishika kwa koleo mkono wa kushoto, nikayaingiza pamoja. Yakaenda mawili, yakaenda manne, upesi kweli. Macho yangu yalikuwa kwenye drili. Nilipotazama upande wa koleo nikaona rangi imeteremka. Imepita bega, imeshuka tumboni, inakwenda. Nikalitosa majini. Na la baada yake vilevile, kwa sababu sikuacha palepale. Nilijiambia nitalishika vizuri zaidi. Yaliyoungua yalikuwa manne. Labda matano.

Nikarudi kwenye moja moja, nikamaliza sitini. Yakawa yote ndani ya beseni, yamechanganyika.

Ningeyatenga palepale, hadithi ingekuwa fupi. Mimi nikayatia kwenye ndoo ya vitumbua nikaenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshapanga tangu wiki iliyopita kumfanyia Mzee jambo. Kwetu shaba haiachwi na madoa. Sinia la shaba, buli la shaba, siku ya wageni linatolewa uani, linasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka unajiona meno. Mwanamke anayepokea wageni na sinia lenye madoa atasemwa mtaa mzima. Nikanunua ndimu kwenye spaza, kile kiduka cha kona, nikaomba majivu kwa jirani yangu, msusi kutoka Lubumbashi anayechoma nyama kwa makaa nyuma ya nyumba yetu, nikakaa uani nikasugua.

Jirani, ambaye huniita yaya, yaani dada kwa kwao, akaja kuchungulia. Maganda yalikuwa yanawaka jua lile la alasiri.

"Yaya, unafanyaka nini na ile vitu? Ni ya heleni? Minataka mbili!"

"Ni ya risasi."

Akarudi nyuma hatua tatu. "Eh, Mungu wangu! Njo unakosha ndani ya ndoo ya vitumbua?"

Nilicheka nikaendelea. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kama nilisugua kwa ajili ya kumfurahisha Mzee au kwa ajili ya yale manne au matano. Jibu la kweli ni kwamba nilianza kwa sababu ya Mzee, na nilipoona ile rangi mbaya ya tumboni inatoka chini ya ndimu, nikasugua kwa nguvu zaidi.

Ijumaa asubuhi nikayapanga juu ya kitambaa cheupe mezani, sitini, yanametameta, nikasimama pembeni mikono nyuma. Mzee akaingia, shavu limepungua. "Shikamoo, Mzee." Hakuitika. Akachukua ganda moja, akaligeuza. La pili. La tatu.

"Mama, rangi iko wapi?"

"Nimeyasafisha, Mzee! Kwa ndimu na majivu. Kama sinia."

Akavuta kiti, akakaa. Akaniambia polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Ile rangi haikuwa uchafu. Ile rangi ndiyo cheti. Mpigaji akiona mkanda umeishia begani anajua moto haukushuka, kitako ni kigumu, anaweza kulala nyuma ya bunduki bila wasiwasi. Akiona rangi imeteremka anatupa. Kitako kikilainika, siku ya kupiga kinaachia, na ule moto wote unaotakiwa kwenda mbele unarudi nyuma. Akagonga kidole chini ya jicho lake la kulia, kwenye shavu.

"Unarudi hapa."

Nilikuwa naijua sheria. Tumbo hapana, kitako hapana kabisa. Miezi yote ile niliiimba bila kuuliza ni kwa nini, mimi ninayeuliza kila kitu.

Halafu akaniuliza, bila ukali, akinitazama usoni: "Mama, ulichoma zote sawasawa?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu. Maganda yenyewe yalikuwa mazuri kuliko siku yalipotoka kiwandani; hakuna binadamu ambaye angeweza kunikatalia. Kiti kile kingebaki changu. Nikaangalia lile shavu lake lililotoka kuvimba, lenye vindevu vyeupe alivyoshindwa kuvinyoa kwa sababu ya jino.

"Hapana," nikasema. "Manne hayakuwa sawa. Labda matano. Nilichoma mawili mawili."

"Gani?"

"Sijui, Mzee. Nimeyasugua."

"Eish," akasema.

Nilidhani atanifukuza. Angenifukuza ningeelewa. Aliinuka, akaenda kwenye jiliwa lililofungwa pembeni ya meza, akafungua taya zake, akanyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka. Nikaelewa anataka nini. Nikampa ganda. Akalibana mpaka likawa bapa. Akanyoosha mkono tena. Nikampa la pili. Tulikwenda hivyo mpaka sitini, mimi natoa, yeye anabana, na kila moja lilikuwa linang'aa mpaka dakika ya mwisho. Nililia kuanzia kama la kumi na tano. Yeye hakulia, lakini hakuharakisha pia.

Alipomaliza akashusha kopo kutoka rafuni, akamwaga yale kumi na mawili yaliyochoka.

"Hii shingo yake ngumu sana. Bila moto itapasuka. Choma."

"Mimi?"

"Mimi jino inauma, mkono inatetemeka. Choma." Akageuza kiti chake, akakaa amenipa mgongo, anatazama ukuta. "Mimi hapana tazama. Nikitazama, wewe utatetemeka pia."

Jamani, moyo! Ulikuwa unapiga mpaka nausikia masikioni. Nikatundika blanketi. Nikawasha. Nikatamka kwa sauti, moja moja, kwa pumzi ya mswalani, huku ndani yangu kuna mtu anaruka ruka anataka kwenda mbio. Subhanallah ya kwanza, shaba ya manjano. Ya nne, kahawia. Ya sita, buluu inachungulia begani. Ya saba, majini. Chwaa! Na kila moja lilipotumbukia nilitaka kupiga kelele, nikaimeza. Yakaisha kumi na mawili. Mzee akageuka, akafungua blanketi, akayapeleka dirishani moja moja, na mikanda yote ilikuwa imeishia begani, imenyooka. Akayatia kwenye kopo, akatoa ufunguo wa kabati la chuma, akaniambia nikapumzike.

Jumamosi nilikwenda naye. Hakunialika, nilimkuta anapakia pikapu saa kumi na mbili asubuhi nikapanda. Uwanja ulikuwa mbali, nyasi za manjano mpaka upeo wa macho, wazee wengi wa Kizungu waliovaa kofia, na kila mtu na vizibo vya masikio. Na mimi pale katikati na baibui langu na ndoo ya vitumbua. Mzee akatandika mkeka, akalala kifudifudi, akaegemeza shavu lake kwenye bunduki ya baba yake. Risasi mbili za kujaribu, kumi za mashindano.

Watu wote walikuwa wanatazama shabaha kwa darubini. Mimi nilisimama ubavuni, nyuma ya kamba, nikaigeuzia shabaha mgongo. Nilikuwa natazama shavu.

Mlio wa kwanza nilifumba macho. Nilipofumbua lilikuwepo, zima, vindevu vyake vyote. Akavuta komeo, ganda likaruka, akaweka jingine. La pili. La tatu. Nilikuwa nimeushika mpini wa ndoo mpaka vidole vimekufa ganzi. Kufika la saba nikaanza kupata raha, nikajikaza nisiipate mapema. La tisa. La kumi. La kumi na moja. La kumi na mbili alichelewa, alichelewa sana, upepo ulikuwa unasumbua, na mimi nilikuwa nasali kwa lugha zote nilizo nazo.

Akapiga. Akainua kichwa. Uso mzima wa Mzee, mchafu, umeloa jasho, umekunjamana, na hakuna hata mkwaruzo.

Nilipiga vigelegele. Sikuamua, vilitoka. Vigelegele vya harusi ya Tanga, vile vya kuzungusha ulimi mpaka pumzi ya mwisho, katikati ya uwanja ambao hata kukohoa watu wanaomba radhi. Msimamizi akaja mbio, mtu mrefu wa kaptura, akaniambia, "Mama, tafadhali, hapa tunanyamaza." Nikampa kitumbua. Akasimama nacho, hajui akifanye nini, mwisho akakila. Mzee alitoka wa tisa kati ya kumi na wanne, na mimi nilishangilia kama mama wa mshindi. Nilizunguka nikigawa vitumbua kwa watu ambao hawajaniuliza chochote.

Wakati wa kurudi sikunyamaza njia nzima. Nilisimulia kila mlio kana kwamba yeye hakuwepo. Tulipoingia mjini tukasimama kwenye robot nyekundu, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, nami, kwa kiherehere changu, nikamuuliza nilichokuwa nataka kumuuliza tangu jana.

"Mzee, jana ningekwambia nimechoma yote sawasawa, ungefanyaje? Ungeyapima?"

Akatazama barabara.

"Hakuna kupima. Ningejaza. Leo ningepiga."

"Hata kama huna rangi ya kutazama?"

"Wewe ulikuwa kwenye moto, Mama. Mimi nilikuwa kwa daktari. Nani mwingine ningemwamini?"

Robot ikawaka kijani, akaingiza gia. Nilikaa na ndoo yangu tupu mapajani, nikitazama shavu lake kwa pembeni, mpaka tukafika Troyeville.